Kaleta Nini, Kaletaje: Masasi na Newala Katika Kuwapima Viongozi

1876–1905: Machemba na majirani zake

Mwaka 1876 kundi la watu waliokombolewa utumwani lilifika Masasi kutoka Unguja, likiongozwa na Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA. Walikusudia kufika karibu na Ziwa Nyasa, lakini walipoiona ardhi iliyo chini ya vilima vya mawe wakaona pametosha, wakajenga. Miaka sita baadaye Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliwavamia, wakaua na kuteka. Mmisionari Chauncy Maples akapanda Newala, akajiweka jirani na Matola, mtawala wa Wayao mwenye watu na silaha. Swali la kwanza la uongozi katika nchi hii lilikuwa hilo: nani anaweza kutulinda?

Mwaka 1890 likaja swali gumu zaidi. Hermann von Wissmann, aliyekuwa akiiweka pwani chini ya Wajerumani, alimtaka Machemba afike kwake kuonyesha utii. Machemba alikuwa Myao, boma lake likiwa Luagala juu ya uwanda wa Makonde. Alijibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema haoni sababu ya kumtii mtu huyo. Akitaka urafiki, upo siku zote, lakini kuwa chini yake hakubali, na ni heri afe. Alisimama na neno lake kwa miaka tisa. Mwaka 1899 nguvu za Wajerumani zilimshinda, akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Majirani zake walipima kwa namna nyingine. Matola aliyemrithi yule wa kwanza, na Barnaba Nakaam aliyekuwa amebatizwa, waliziangalia bunduki za mgeni, wakaangalia na maghala ya watu wao, wakakubali kufanya kazi na serikali mpya. Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vilipofika upande huu, misheni ya Masasi ilichomwa na wamisionari wakakimbilia pwani. Matola na Nakaam hawakujiunga na wapiganaji wa Maji Maji. Baada ya vita ikaja njaa iliyotokana na majeshi ya Wajerumani kuteketeza mashamba na vyakula, na hesabu za wanahistoria kwa kusini nzima zinaanzia watu 75,000 hadi karibu 300,000 waliokufa.

Nawasoma hawa watatu kwa heshima moja. Machemba aliacha neno ambalo vitabu vya historia vya Afrika vinalitaja hadi leo. Matola na Nakaam waliacha watu walio hai. Anayemwita mmoja shujaa na wengine vibaraka hajajiuliza angefanya nini mwenyewe, akiwa na wanawake na watoto nyuma yake na bunduki za Maxim mbele yake.

1906–1945: Akida, mkulungwa, liwali

Wajerumani walitaka kodi na vibarua, basi. Akida, wakala wao, aliyevileta alikuwa akida mzuri. Vita vya kwanza vya dunia viliharibu zaidi: mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalikuwa kwenye njia ya kutoka Lindi kuja Ndanda, na mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma. Vijana waliochukuliwa kubeba mizigo, wengi hawakurudi.

Waingereza walikuja na kanuni. Gavana Donald Cameron aliamini, kuanzia mwaka 1925, kwamba Mwafrika atawaliwe kupitia viongozi wake wa jadi. Ni wazo lenye sura nzuri, ila lilipofika kwa Wamakonde lilikwama. Wamakonde hawakuwa na sultani. Kila chirambo kilikuwa na mkulungwa wake, mzee aliyeheshimiwa kwa sababu ukoo wake ndio uliofungua ardhi ile, na madaraka yake yaliishia pale ardhi ile ilipoishia. Maofisa waliwakusanya wakulungwa katika mabaraza, wakawapa mihuri na vitabu vya kodi, wakangoja wawe watawala. Hawakuwa. Mkulungwa aliyemdai jirani yake kodi ya serikali alipoteza ile heshima iliyomfanya awe mkulungwa.

Serikali ilipochoka kungoja, iliweka maliwali, watu wa kuteuliwa, wanaojua kusoma na kuandika na kutunza hesabu. Kufikia miaka ya 1940 liwali ndiye aliyekuwa serikali kwenye uwanda. Waingereza walishika kanuni, matokeo yalipochelewa wakaiacha, na mara zote mbili uamuzi ulifanywa ofisini. Aliyekuwa akilipa kodi hakuulizwa anamtaka nani.

1958: Kura tatu

Mwaka huu tutulie nao, kwa sababu sijui mahali pengine katika historia ya Tanganyika ambapo kanuni na matokeo viliwekwa mezani waziwazi namna ile.

Serikali ya Gavana Edward Twining ilitangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria kwa sharti la ajabu. Kila mpiga kura apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Mwasia. Asiyechagua wote watatu, kura yake imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu kama elfu ishirini, na viti vilikuwa sawasawa. Tena, ili uandikishwe ilibidi uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au kisomo, au cheo kinachotambulika. Mkulima wa mihogo wa Newala hakuwa na hata kimoja. Mwalimu wa misheni na karani wa boma wangeweza kupenya. Bibi aliyeshuka mteremko wa uwanda alfajiri kutafuta maji na kurudi jua likiwa utosini hakuwamo kabisa.

TANU, chama kilichosimama juu ya usawa wa binadamu, kingeshirikije katika jambo hili? Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulilibeba swali hilo siku hadi siku. Waliotaka kususia walikuwa na hoja iliyonyooka: ukikubali kucheza mchezo wa ubaguzi, umeukubali ubaguzi. Julius Nyerere alijibu kwamba wakisusia, viti vyote vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na gavana, na TANU itabaki nje ikipiga kelele huku wengine wakiandika sheria. Upande wake ukashinda. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere, akashindwa vibaya mno.

Kwa watu wa Masasi uamuzi wa Tabora ulikuwa na sura ya mtu. Daktari Leader Stirling, Mwingereza, alifika mwaka 1935 kufanya kazi ya misheni, akajenga hospitali Lulindi kwa udongo na nyasi, akapasua wagonjwa humo miaka na miaka. Baadaye akawa Mkatoliki, akahamia Mnero kwa Wabenediktini. Katika uchaguzi wa kura tatu aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Kiti kilichotengwa kwa Mzungu, kwa sheria iliyomtukana Mwafrika, kilikaliwa na mtu aliyekuwa akiwashona wananchi vidonda. Alibaki bungeni baada ya uhuru, akawa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya.

Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na Februari 1959, katika awamu ya pili, viti vingi havikupata mpinzani. Uhuru ulikuja 9 Desemba 1961, mapema kuliko walivyotarajia hata waliokuwa wakiudai.

Wengi wanaosimulia Tabora wanaishia kwenye ushindi, kana kwamba ushindi peke yake unatosha kuhalalisha. Mimi naona mambo mengine mawili. Wajumbe waliambiwa bei ya uamuzi kabla ya kuupigia kura; Nyerere hakuwaambia kwamba kura tatu ni jambo jema. Na waliuwekea ukomo, wakaazimia kwamba serikali ya madaraka isipokuja, watachukua hatua kali zaidi. Waliinamisha kanuni kwa siku walizozitaja, mbele ya watu. Hilo litakuwa muhimu tukifika kwenye korosho.

1961–1986: Kanuni iliyolipwa na mkulima

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na habari ya liwali ikaisha. Mwaka 1965 wapiga kura wa chama kimoja walipewa wagombea wawili kwa kila jimbo, mmoja jembe, mmoja nyumba. Kwa kuwa itikadi ilikuwa moja, kilichobaki ni kumpima mtu: alirudi kijijini? Alisema nini Dar es Salaam kuhusu maji yetu? Nchi nzima waliangushwa wabunge, na hata mawaziri. Newala ilikuwa imemtoa Lawi Nangwanda Sijaona, waziri katika serikali za mwanzo, ambaye jina lake liko kwenye uwanja wa mpira wa Mtwara.

Kisha ikaja kanuni kubwa kuliko zote, ukombozi wa Msumbiji. FRELIMO ilipata kambi Nachingwea, wakimbizi wakavuka Ruvuma kwa maelfu, na mpaka wote wa kusini ukawa eneo la vita hadi Septemba 1974. Watu wa huku waliwapokea ndugu, maana Mmakonde wa ng'ambo na Mmakonde wa Newala ni ukoo mmoja. Lakini barabara za kusini zilibaki za vumbi wakati wenzao wa kaskazini wakipata lami. Sijapata kumsikia mzee wa Newala akijutia ukombozi. Nimewasikia wengi wakiuliza kwa nini aliyelipa zaidi alikumbukwa mwisho.

Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuwahamishia watu vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya bomba. Mti wa mkorosho, hata hivyo, hauhamishwi. Mkulima alipelekwa mbali na miti yake, magugu yakameza shamba, bei ya serikali ikawa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia kwenye maua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mkulima akakosa hata chombo chake cha kulalamikia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa kama tani 16,500. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo Masasi, Newala na kwingineko vikabaki maghala.

Nampenda Nyerere na siandiki haya kumbomoa. Tofauti na Tabora ni kwamba safari hii waliobeba bei hawakuitwa kwenye mkutano.

1995–2005: Mtoto wa Lupaso

Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda na Kigonsera, Pugu na Makerere, akawa mhariri, balozi, waziri, na mbunge wa Nanyumbu. Julai 1995 chama tawala, CCM, kilipokutana Dodoma kumtafuta mgombea urais, duru ya kwanza iliongozwa na Jakaya Kikwete kwa kura 534, Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Duru ya pili Mkapa alipata 686 dhidi ya 639. Nyerere, ambaye hakuwa tena na cheo chochote, alikuwa ameshaeleza kwa mwaka mzima kwamba nchi inanuka rushwa na inahitaji mtu safi. Alimpigia Mkapa kampeni nchi nzima, na Oktoba Mkapa akashinda kwa asilimia karibu 62 mbele ya Augustine Mrema.

Alichaguliwa kwa usafi wake. Alianza kwa kutangaza mali zake na kuunda tume ya Jaji Joseph Warioba kuhusu kero ya rushwa. Kisha akapimwa kwa matokeo, na matokeo yalikuwepo: Mamlaka ya Mapato ikaimarika, madeni ya nje yakasamehewa kwa kiasi kikubwa, ada ya shule ya msingi ikaondolewa, na mwaka 2003 daraja la Rufiji likafunguliwa. Aliyewahi kulala siku mbili akingoja pantoni Ndundu anajua maana ya daraja lile.

Bado Masasi ililalamika. Ukikaa na watu Mkomaindo, karibu na hospitali, utaisikia hoja hiyo hata leo: mtoto wetu alikaa Ikulu miaka kumi, na lami ya kutoka Masasi kwenda Mangaka na Tunduru ikaja baada yake. Wengine humjibu mlalamikaji papo hapo kwamba rais si wa kwao peke yake. Mimi niko na hawa wa pili, tena kwa moyo wote. Rais anayepeleka barabara kijijini kwake kwanza anaifundisha nchi nzima kwamba lazima wamtafute rais wa kabila lao.

Ila usafi nao ulidaiwa hesabu yake. Biashara aliyoifanya akiwa Ikulu na mgodi wa Kiwira vilimletea maswali mazito. Mauaji ya waandamanaji huko Pemba ya 27 Januari 2001 yalitokea katika utawala wake, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019 alikiri kwamba ni doa.

2007–2018: Mzani wa ghalani

Msimu wa 2007/08 Mtwara ilianza mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Karani anakagua unyevu, anachagua daraja, gunia linapanda mzanini, mkulima anapewa karatasi. Chama kikuu, MAMCU kwa Masasi au TANECU kwa Newala na Tandahimba, kinazipeleka mnadani. Miaka hiyo zabuni zilisomwa kwa sauti mbele ya wakulima, nao walikubali au walikataa. Lengo lilikuwa kumkata kangomba, yule anayemfuata mkulima mwenye njaa kabla ya msimu na kumnunulia kwa bakuli. Mfumo ulikuwa mzuri kwenye karatasi na mara nyingi hata ghalani, isipokuwa malipo ya pili yalipochelewa, au makato yalipozidi.

Januari 2013, wakati Mtwara mjini wakipaza sauti kwamba gesi haitoki, Masasi iliwaka. Ofisi na nyumba za wabunge zilichomwa, na watu wakafa. Waliochoma walikuwa wakiambiwa miaka yote wachague chama kwa sababu ya maendeleo, na waliona bomba linakwenda Dar es Salaam.

Mwaka 2015 mizani ilihamia upinzani. Dkt. Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD, alikuwa mmoja wa viongozi wa UKAWA, muungano uliozaliwa katika Bunge la Katiba ukidai rasimu ya serikali tatu. Alikuwa akigombea Masasi. Julai ile UKAWA ilimpokea Edward Lowassa awe mgombea wake wa urais, mtu ambaye CHADEMA ilikuwa imemweka kwenye orodha ya mafisadi mwaka 2007. Dkt. Wilbrod Slaa wa CHADEMA alijitoa, Profesa Ibrahim Lipumba akaacha uenyekiti wa CUF, chama kingine cha muungano huo. Waliobaki walisema kura zitakuja, na zilikuja: karibu asilimia 40, ambazo mgombea mwingine wa upinzani hakuwahi kuzifikia. Hawakuwaambia wafuasi wao bei, wala hawakuweka ukomo. Neno ufisadi, lililokuwa silaha yao kwa miaka minane, lilinyamaza midomoni mwao. Makaidi alifariki 15 Oktoba katika hospitali ya Nyangao, siku kumi kabla ya kura, na uchaguzi wa Masasi ukaahirishwa hadi Desemba.

Halafu 2018. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo na mavuno yalikuwa zaidi ya tani 300,000. Juni, Bunge lilibadili sheria ili fedha za ushuru wa korosho zinazokwenda nje, sehemu iliyorudi kwenye zao lenyewe kwa pembejeo na utafiti, ziingie mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walipinga kwa hoja, wakashindwa kwa kura. Oktoba, bei za mnadani zilianguka na wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuzibeba.

Siku ile Newala ilishangilia, na sina sababu ya kuwacheka walioshangilia. Rais alikuwa amesimama na mkulima dhidi ya mnunuzi, kwa sauti ambayo mkulima hakuwahi kuisikia. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake, asije akawa kangomba. Wiki zikawa miezi. Kampuni ya Kenya, Indo Power, ilisaini mkataba wa kununua tani 100,000 mwezi Januari 2019, mkataba ukafa. Korosho zikalala ghalani, ada za shule zikangoja, dawa ya salfa ya msimu uliofuata ikakosa fedha. Bei nzuri ilitangazwa bila mnada, na kwa kuwa hakukuwa na mnada, hakukuwa na mahali ambapo mkulima angesimama na kukataa au kudai. Hapo ndipo nilipoamini kwamba wanaotenganisha kanuni na matokeo wanahesabu mapema mno. Utaratibu uliorukwa Novemba ulikuwa sehemu ya bei, na mkulima aliulipia Machi.

2020 na baada yake

Cecil Mwambe alichaguliwa mbunge wa Ndanda mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA. Desemba 2019 aligombea uenyekiti wa chama hicho dhidi ya Freeman Mbowe, akashindwa. Februari 2020 alihamia CCM. Katiba inasema mbunge anayeacha chama chake anapoteza kiti, lakini Mei mwaka ule Spika Job Ndugai alimrudisha bungeni. Oktoba Ndanda ilimchagua tena, sasa kwa CCM. Waliompigia kura walisema mbunge wa chama tawala anafungua milango. Waliokasirika walisema mlango aliorudia bungeni haupo kwenye Katiba. Julai ile Mkapa alikuwa amefariki na kuzikwa Lupaso.

Oktoba 2024 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Zabuni za wanunuzi zinaonyeshwa kwenye skrini, kila moja na bei yake, wakulima wakiwa mbele yake. Katika mnada wa kwanza bei ilivuka shilingi 4,000. Wakulima walipiga makofi, kisha wakauliza fedha zitaingia benki siku gani.